Jina na Joto: Historia ya Upozaji wa Umemejoto, Tangu Sindano ya Dira Hadi Kichakataji cha Kompyuta

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri siku hizi, zile zinazohusu kompyuta hazikosi kurasa kadhaa juu ya joto. Kichakataji, yaani ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu na kuziamuru sehemu nyingine, hupata moto kinapofanya kazi, na kisipopozwa hupunguza mwendo, huzima, au huharibika. Njia za kukipoza ni nyingi. Yako mapezi ya alumini au ya shaba, iko feni, yako maji yanayozungushwa katika mabomba membamba. Mojawapo ya njia hizo ni kijisahani chembamba kisicho na kitu kinachozunguka wala umajimaji wowote ndani yake, ambacho kikipitishiwa umeme, uso wake mmoja huwa baridi na uso wa pili huwa moto. Mafundi wengi hukiita Peltier tu, kwa jina la mtu.

Mfasiri anayetakiwa kukieleza kifaa hicho kwa Kiswahili hana budi kwanza kujiuliza: je, kinafanya nini hasa? Kinatengeneza baridi? Kinaliua joto? Ama kinalihamisha tu kutoka mahali hapa na kulipeleka pale? Swali hili laweza kuonekana kuwa ni la wanafizikia peke yao. Hata hivyo, historia ya jambo lenyewe yaonyesha kwamba jina lisilo sahihi liliwahi kumpoteza hata mtu aliyeligundua. Kwa sababu hiyo makala haya yatasimulia kwanza historia, kisha yatarejea kwenye istilahi.

Jina Lililompoteza Mgunduzi

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alitangaza kwamba waya unaopita umeme huigeuza sindano ya dira iliyo karibu nao. Habari hiyo ilienea upesi Ulaya, na wataalamu wengi wakaanza kufanya majaribio yao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa Reval, mji ambao leo huitwa Tallinn katika nchi ya Estonia, naye alikuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Berlin. Mwaka 1821 Seebeck aliunganisha metali mbili za aina tofauti zikafanya mzunguko, akakipasha moto kiungo kimoja na kukiacha kile cha pili kikiwa baridi, na sindano ya dira iliyowekwa karibu ikageuka.

Leo mwanafunzi wa sekondari aweza kulieleza jambo hilo kwa hatua mbili: tofauti ya halijoto kati ya viungo viwili husukuma mkondo wa umeme, na mkondo huo ndio unaoigeuza sindano. Lakini Seebeck aliiruka hatua ya kati. Aliona joto upande mmoja na sumaku upande wa pili, akahukumu kwamba joto limeifanya metali kuwa sumaku. Akaliita jambo hilo kwa jina lenye maana ya usumaku wa joto, na taarifa yake iliyochapwa mwaka 1825 ilibeba anwani inayosema kwamba metali na mawe ya madini hupata usumaku kwa sababu ya tofauti ya halijoto.

Ørsted aliyapitia majaribio hayo akaona mara moja kwamba kinachozunguka katika metali zile ni umeme. Yeye ndiye aliyelipa jambo hilo jina linalotumika hadi leo katika lugha za Ulaya, jina linalounganisha joto na umeme, wala si joto na sumaku. Mwaka 1823, akiwa Paris pamoja na Joseph Fourier, aliunganisha viungo vingi vya namna hiyo kwa mfululizo ili kuongeza nguvu yake. Seebeck hakulikubali jina la Ørsted. Aliendelea kulishikilia lake, na kutokana nalo akajaribu kueleza hata usumaku wa dunia nzima, akidhani kwamba watokana na tofauti ya halijoto kati ya ikweta na ncha za dunia.

Hasara ya jambo hilo ilikuja kupimwa baada ya zaidi ya karne moja. Mwanafizikia wa Kirusi, Abram Ioffe, alionyesha kwamba miongoni mwa vitu vilivyojaribiwa na Seebeck vilikuwamo baadhi ambavyo, kama vingeunganishwa jozi kwa jozi ili kutoa umeme, vingeligeuza kiasi cha asilimia 3 ya joto kuwa umeme. Kiasi hicho chakaribiana na ufanisi wa injini za mvuke za zama zile. Hatudai kwamba jina peke yake ndilo lililoizuia dunia kupata mitambo hiyo mapema, kwani sababu za historia haziwi moja. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mtu aitaye kitu sumaku hatafuti umeme ndani yake.

Mtengenezaji wa Saa na Tone la Maji

Miaka 13 baada ya Seebeck, yaani mwaka 1834, Mfaransa Jean Charles Athanase Peltier, aliyekuwa mtengenezaji wa saa kabla ya kujitia katika sayansi, aliligeuza jaribio. Badala ya kupasha kiungo moto ili apate umeme, alipitisha umeme katika kiungo cha metali mbili akapima halijoto. Aliona kwamba mkondo ukienda upande mmoja kiungo hupata moto, na ukigeuzwa kiungo hupoa. Peltier naye hakuitambua maana kamili ya alichokiona.

Aliyeiweka maana hiyo wazi ni Emil Lenz, katika mji wa St. Petersburg, mwaka 1838. Lenz alitoboa kishimo mahali ambapo ufito wa bismathi ulikutana na ufito wa antimoni, akatia tone la maji. Alipopitisha umeme upande mmoja maji yaliganda yakawa barafu; alipougeuza mkondo, barafu ikayeyuka. Tone lile moja la maji lilieleza mambo mawili ambayo mfasiri hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba umeme waweza kuliondoa joto mahali fulani. La pili ni kwamba kifaa kile kile, bila ya kubadilishwa sehemu yoyote, ndicho kinachopoza na ndicho kinachopasha moto. Kinachobadilika ni upande wa mkondo tu.

Katika miaka ya 1850 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha kwa hesabu kwamba jambo la Seebeck na jambo la Peltier ni nyuso mbili za sarafu moja. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya mwaka 1909 na 1911, Mjerumani Edmund Altenkirch alieleza sifa za kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Kitu hicho chapaswa kutoa nguvu kubwa ya umeme kwa tofauti ndogo ya halijoto. Chapaswa kupitisha umeme kwa urahisi, ili kisijipashe moto chenyewe. Na chapaswa kupitisha joto kwa shida, ili joto lililohamishwa lisirudi lilikotoka. Masharti hayo hayakupatana ndani ya metali za kawaida, maana metali ipitishayo umeme vizuri hupitisha joto vizuri vilevile. Hivyo basi jambo hili lilibaki kuwa onyesho la maabara kwa karibu miaka 100 tangu jaribio la Peltier.

Kutoka Metali Hadi Nusukipitishi

Njia ilifunguliwa na vile vitu tunavyoviita nusuvipitishi, yaani vitu visivyopitisha umeme kwa wepesi kama shaba wala kuuzuia kabisa kama kioo. Ioffe, akifanya kazi Leningrad, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutambua kwamba humo ndimo masharti ya Altenkirch yanamoweza kukutana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Urusi ya Kisovieti ilitengeneza vifaa vilivyofungwa juu ya taa ya mafuta ya taa, vikageuza joto la taa hiyo kuwa umeme wa kuendeshea redio katika vijiji visivyokuwa na umeme. Familia iliweza kupata mwanga na taarifa ya habari kutoka katika utambi mmoja.

Kwa upande wa upozaji, hatua kubwa ilipigwa Uingereza mwaka 1954, pale H. Julian Goldsmid na R. W. Douglas walipotumia nusukipitishi kinachotokana na bismathi na teluri, wakashusha halijoto kutoka ile ya chumbani hadi chini ya kiwango cha kuganda maji. Mchanganyiko wa asili hiyo ndio ungali ukitumika katika visahani vingi vinavyouzwa leo.

Namna vinavyofanya kazi yaweza kuelezwa kwa mfano wa makuli wa bandarini. Ndani ya kijisahani mna vipande vidogo vya nusukipitishi vya aina mbili, vilivyopangwa jozi kwa jozi kati ya vigae viwili vya seramiki. Katika kijisahani cha kawaida chenye upana wa milimita 40 kila upande, aghalabu jozi hizo ni 127. Chembe zinazobeba umeme zikivuka kiungo cha upande mmoja huchukua mzigo wa joto, na zikifika kiungo cha upande wa pili huutua. Katika aina zote mbili za vipande mzigo huelekea upande ule ule. Kuli hazalishi gunia wala haliteketezi. Hulihamisha kutoka melini hadi ghalani. Na kama alivyo kuli yeyote, hutaka ujira, na ujira wake ni umeme, ambao nao hugeuka kuwa joto.

Joto la Kompyuta

Kompyuta iitwayo ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na taa za utupu zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Ilipozwa kwa kupulizwa hewa. Transista zilipochukua nafasi ya taa hizo watu walidhani kwamba tatizo la joto limekwisha, na kwa muda lilikuwa dogo kweli: kichakataji cha Intel 4004 cha mwaka 1971 kilikuwa na transista 2,300 na hakikufikisha matumizi ya wati 1. Lakini kila transista zilipoongezwa katika kipande kile kile kidogo cha silikoni, joto lilirudi. Kichakataji cha Pentium cha mwaka 1993 kilikuwa na transista zipatazo milioni 3.1 na kilitumia wati zipatazo 15. Kufikia mwaka 2004 vichakataji vya Pentium 4 vilikuwa vimepita wati 100, na joto hilo lote lilitoka katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Ni katika miaka ya 1990 ambapo watu waliopenda kukiendesha kichakataji kupita kasi kilichopangiwa na kiwanda walipoanza kuvitumia visahani vya Peltier. Walikibana kijisahani kati ya kichakataji na mapezi, wakakipa umeme wake peke yake. Baadhi walifaulu, wengine waliharibu mitambo yao, kwa sababu tutakazozieleza. Mwaka 2020 kampuni ya Intel, ikishirikiana na watengenezaji wa vipozeo, ilileta mfumo uliounganisha kijisahani cha namna hiyo na maji ya mzunguko, ukiongozwa na programu iliyopima unyevu wa hewa. Uendelezaji wa mfumo huo ulisitishwa mwaka 2023.

Kwa nini jambo zuri namna hii halikuenea? Jibu limo katika hesabu nyepesi. Tuseme kichakataji kinatoa joto la wati 100, na kijisahani chetu huhamisha nusu wati ya joto kwa kila wati 1 ya umeme kinayotumia. Ili kuhamisha wati 100 kitahitaji umeme wa wati 200. Umeme huo nao hugeuka joto, na joto hilo hujumlishwa upande wa moto. Kwa hiyo mapezi na feni zilizokuwa na kazi ya kuondoa wati 100 sasa zapaswa kuondoa 300. Mzigo wa mtu mmoja umekuwa mzigo wa watu watatu. Jokofu la kawaida, lenye kikandamizi na gesi, huhamisha joto jingi zaidi kwa umeme ule ule.

Shida ya pili yawahusu zaidi wakazi wa mwambao wetu. Hewa yenye halijoto ya nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80, hali isiyo ngeni Mombasa, Tanga wala Unguja, huanza kutoa umande juu ya kitu chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 26 hivi. Kila mtu amekwisha kuona bilauri ya maji ya barafu ikitoka jasho mezani. Jasho hilo likitokea juu ya saketi za kompyuta, mwisho wake ni hasara. Hivyo mtu anayepozesha kichakataji kupita kiasi katika miji hiyo huhitaji kukizingira kwa vizuizi vya unyevu.

Kwa sababu hizo kijisahani hiki kimepata makazi yake mahali pengine: katika kuweka sawa halijoto ya leza za mawasiliano, katika vyombo vya kupimia, katika masanduku madogo ya kupozea vinywaji garini, na katika mashine za maabara zinazopasha moto na kupoza kwa zamu ili kuzidisha chembe za urithi. Hapo mzigo wa joto ni mdogo, na usahihi ndio unaotakiwa.

Yatokanayo kwa Istilahi

Baada ya historia hiyo, tunapendekeza mambo manne yafikiriwe na wafasiri na walimu.

Kwanza, joto na halijoto zisichanganywe. Joto ni nishati inayohama. Halijoto ni kipimo cha hali ya kitu. Sentensi isemayo kwamba kijisahani "huondoa halijoto" haina maana. Kijisahani huondoa joto, na matokeo yake halijoto hushuka. Katika mazungumzo ya nyumbani neno joto latosha kwa yote mawili, lakini si katika kitabu cha ufundi.

Pili, mpangilio wa maneno ambatani ufuate Kiswahili. Lugha za Ulaya hutanguliza neno la kufafanua, nasi hutanguliza neno linalofafanuliwa. Neno sumakuumeme, lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi, ni sumaku itokanayo na umeme. Kwa kanuni hiyo hiyo umeme utokanao na joto ni umemejoto. Anayeandika jotoumeme kwa kufuata mpangilio wa kigeni anasema joto la umeme, na joto la umeme ni lile la pasi na la jiko. Kosa hilo lafanana na la Seebeck, kwani linataja vitu viwili vilivyomo na kukosea ni kipi kinachozaliwa na kipi.

Tatu, kwa jambo lenyewe tunapendelea neno tokeo, yaani tokeo la Seebeck na tokeo la Peltier. Wako wanaoandika athari. Neno athari si baya, lakini katika masikio ya wengi limebeba harufu ya dosari na madhara, na mwanafunzi anayesoma kwamba kifaa kina athari ya Peltier aweza kudhani kwamba kina ila.

Nne, na hili ndilo zito, ni jina la kifaa. Majina matatu yaweza kushindana. Kizalishabaridi ni jina la kukataliwa. Baridi haizalishwi, baridi ni upungufu wa joto. Fundi anayeamini kwamba kifaa kinazalisha baridi hataona haja ya kuweka mapezi upande wa pili. Atakipa umeme, na kwa kuwa joto halina pa kwenda, kifaa kitaungua pamoja na kichakataji alichotaka kukiokoa. Kipoza ni jina jema zaidi, maana kupoza ni kukifanya kitu kipotewe na joto. Hata mtungi wa udongo hupoza maji kwa kutoa joto nje pamoja na jasho lake. Hata hivyo kipoza huuficha uso wa moto, tena hakielezi kifaa kinapogeuziwa mkondo kikapasha. Tone la maji la Lenz lalikana jina hilo kwa nusu. Kihamishajoto ndilo jina linalosema ukweli wote: joto lipo, linatoka hapa, linakwenda pale.

Yawezekana kupinga kwamba jokofu nalo huhamisha joto, na pampu kadhalika. Ni kweli. Ndiyo maana jina kamili katika maandishi ya ufundi lifae kuwa kihamishajoto cha umemejoto, na katika kurudia, kihamishajoto tu. Nyuso zake mbili nazo ziitwe uso wa kupokea joto na uso wa kutoa joto, maana zikiitwa uso wa baridi na uso wa moto zitabadilishana majina kila mkondo unapogeuzwa. Mtu wa matangazo ya biashara anayetaka kuandika kipoza cha Peltier asizuiwe, mradi kitabu cha mafunzo kisimfuate.

Hitimisho

Maji hufuata mkondo, na fikira ya msomaji hufuata jina aliloandikiwa. Seebeck alikuwa na metali, moto na dira mbele yake; aliona kwa macho yake kuliko sisi tunaosoma habari zake. Alichokosa ni neno la hatua ya kati. Ørsted, ambaye hakuligundua jambo hilo, alilipa jina sahihi, na jina hilo likawaelekeza waliofuata.

Mfasiri hukaa mara nyingi mahali pa Ørsted. Hakukigundua kitu, wala hatakitengeneza. Kazi yake ni kukiita. Lakini yuko fundi, katika karakana asiyoijua mfasiri, ambaye hana kitabu kingine ila kile kilichotafsiriwa, na ambaye atafunga waya na mapezi kama jina linavyomwelekeza. Wasomaji wenye uzoefu wa karakana na wa darasani wanaombwa wayapime mapendekezo haya, na pale yanapopungua waseme, kabla majina hayajakaa katika vitabu na kuwa mazito kuyaondoa.